Jina Linalotoka kwa Kidole

Mwende,

Leo mchana nimekusikia jikoni ukimwambia mama yako kwamba kazi yako mpya ni rahisi. Utakaa pale mapokezi kwenye kliniki, utaandika jina la mgonjwa, utachapa lebo, utabandika kwenye kichupa cha damu, basi. Mama yako akakuuliza kama hiyo mashine utaiweza. Ukacheka. "Mum, printa ni printa."

Kha! Printa ni printa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Likizo zote zile ulizokuja dukani kwangu Ngara, umekula chipsi zangu, umelala juu ya makatoni yangu ya karatasi, umeona baba yako akichapa lebo za watu mpaka vidole vikawa vyeusi, na hilo ndilo ulilotoka nalo. Nilitaka nije huko jikoni nikupe maneno yako hapo hapo. Halafu nikamwona mama yako anafunga sufuria kwenye leso huku anafuta machozi, kana kwamba Kinoo unakohamia ni ng'ambo, na ni hapa tu Waiyaki Way. Nikaona afadhali niketi niandike.

Sitakuambia ufunge mlango, wala uzime gesi, wala usipokee wageni usiowajua. Mama yako ameshayasema hayo mpaka yamepoteza ladha. Mimi nitakuandikia mambo yanayonichefua. Ni mengi, na karibu yote yana gundi.

Kuna harufu moja ambayo sijawahi kuizoea katika kazi hii. Ni harufu ya gundi ya lebo ikiungua ndani ya printa ya leza. Ina utamu fulani wa kuchukiza, inakaa puani mpaka jioni, chakula chako chote kinakuwa na ladha yake. Unafungua mlango wa nyuma wa mashine, unaikuta lebo imejikunja kwenye ile roli ya moto, imeiva, imeganda, na huwezi kuikwangua kwa kisu kwa sababu ukiikwaruza roli umeiua. Unachukua kitambaa, unangoja ipoe, unabandua kidogo kidogo huku mwenye mashine amesimama nyuma yako anakuuliza, "Itachukua muda?" Itachukua muda, ndio! Umepika gundi ndani ya mashine ya watu, halafu unaniuliza muda!

Na unajua inafikaje humo. Watu wa mji huu hawawezi kutupa karatasi. Mtu ana karatasi nzima ya lebo, anachapa moja, anaibandua, halafu anairudisha karatasi ile ile kwenye trei. Tena anaigeuza kichwa chini miguu juu, anajiona mjanja, eti zile za chini bado ni nzuri. Pale alipobandua, gundi imebaki wazi, na zile lebo za pembeni zimeshainuka kingo. Karatasi inaingia kwenye joto mara ya pili, lebo inajibandua njiani, inakwenda kulala kwenye roli au kwenye dramu, ile silinda inayobeba picha. Nimefungua printa za mawakili, za makanisa, za wauza asali, na kila moja nimeikuta na lebo imelala ndani. Nikiuliza ni nani amerudisha karatasi, ofisi nzima inatazama dirishani.

Karatasi ya lebo inapita mara moja, Mwende. Ukitaka lebo moja, ngoja ziwe nyingi, au tupa zinazobaki. Watakuita mharibifu. Waache waite.

Lakini nisijifanye mimi nilizaliwa nikijua. Mwaka ule nilipofungua duka, wewe ukiwa bado unatambaa, mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mtu wa asali kutoka kwetu Ukambani. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye karatasi. Nikachapa lebo zake, zikatoka zinang'aa, picha ya nyuki ina mabawa na kila kitu. Nikampa moja aione. Akaishika, akapitisha kidole gumba, na nyuki akatoka. Alibaki kwenye kidole. Yule bwana akatazama kidole chake, akanitazama mimi, akasema, "Mutua, nyuki wako ameruka."

Nilifanya nini? Nililaumu tona, ule unga wa wino. Nikabadilisha tona. Nyuki akaruka. Nikalaumu karatasi, nikanunua nyingine ghali zaidi. Akaruka. Mwishowe nikabeba lebo zote nikaja nazo nyumbani hapa Jamhuri, na mama yako, Mungu ambariki, akatandika shuka mezani akazipiga pasi. Usicheke. Lebo za asali, moja baada ya nyingine, na kitambaa juu yake ili zisiungue, wewe umefungwa mgongoni unalia. Unga wa tona ukapata moto, ukayeyuka, ukashika. Tukajiona tumegundua jambo! Tuliishi hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka, duka la kuchapa lebo ambalo mashine yake muhimu ni pasi ya mke wangu.

Na tatizo lilikuwa setingi moja tu. Mashine ilikuwa imeambiwa kwamba inachapa karatasi ya kawaida. Basi ilikuwa inaikimbiza ile lebo kama karatasi ya kawaida, na lebo ni nene, ina tabaka mbili na gundi katikati, inahitaji ipite polepole ili joto liingie. Ukiiambia mashine kwamba hii ni lebo, inapunguza mwendo yenyewe. Unaifungulia mlango wa nyuma ili karatasi itoke imenyooka, isipindishwe kwenye ile kona ya juu. Unalisha kwa ile trei ya mkono, si ile ya chini. Mambo ya dakika moja, na mimi nimemchosha mwanamke wa watu kwa pasi kwa sababu niliona aibu kumuuliza mtu! Nikikumbuka najichukia hadi leo, na mama yako akikumbuka anacheka hadi anakaa chini.

Mafundi nao, usiniambie. Kuna wale wanaokuja na tona ya kujaza, unga wa kijivu umefungwa kwa nailoni kama wa ugali, wanakuapia kwa jina la Mungu ni orijino. Ukichapa unatoka ukungu karatasi nzima, na herufi zimepauka upande mmoja. Ukimrudishia anakuambia ni hewa. Ni hewa ya Ngara! Nkt. Wewe kumbuka tu hivi: doa likirudi mahali pale pale kila karatasi, kwa nafasi ile ile, kuna kitu kinachozunguka humo ndani ambacho kimeumia, dramu au roli, na hata ubadilishe karatasi za Kenya nzima halitaondoka. Zikipauka pande zote, tazama tona kwanza. Zikitoka nzuri halafu zikafutika, ni joto, au ni mikono ya mtu. Ndiyo, mikono. Mtu ametoka kula mandazi anapanga lebo kwenye trei. Unga haukai juu ya mafuta, na bado atakuja kukuambia mashine imerogwa.

Haya yote yananichefua, lakini kuna neno moja linalonichefua kupita gundi na mafuta na tona ya nailoni. Neno lenyewe ni "inasomeka". Unamwonyesha mtu kazi mbovu, herufi zimepasuka, nusu ya tarehe haipo, anaiinua kwenye mwanga, anakunja jicho moja, anakuambia, "Lakini si inasomeka?" Mtu akisema hivyo ujue ameshaona kwamba ni mbovu. Anakuomba tu mkubaliane kuiacha hivyo.

Sasa nakuja kwa jambo lenyewe.

Unakumbuka nilipoambiwa nina sukari. Utakumbukaje usikumbuke, ulicheka mpaka ukaumwa mbavu. Mama yako alikuwa amenisukuma nikapime kwa sababu nilikuwa naamka kukojoa mara nyingi, nikaenda kwenye maabara moja mjini, jina sitaliandika hapa. Majibu yakarudi sukari iko juu kabisa. Kufika jioni mama yako alikuwa amegawa sukari yote ya nyumba hii kwa majirani. Nikawa mtu wa strungi, chai ya rangi, bila sukari, uji bila sukari, na mboga zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa. Na kana kwamba hiyo haitoshi, Mama Simran wa duka la vitambaa, mlango wa pili kutoka kwangu, akasikia habari. Kila asubuhi akawa ananiletea juisi ya karela, lile tunda chungu la Wahindi, kwenye glasi ya chuma.

"Kunywa, Mutua."

"Mama Simran, hii ni nini?"

"Dawa iko. Bwana yangu alikunywa miaka mingi. Usinuse, meza tu."

Mwende, mimi nimesafisha roli zilizoungua gundi, lakini kitu kichungu kama karela sijawahi kuingiza kinywani. Ulimi unakataa, koo linakataa, hata masikio yanakataa. Na yeye anasimama pale, mikono kiunoni, mpaka aone glasi tupu. Uliponiigiza kwa shangazi zako vile nilivyokuwa nakunja uso, nyumba nzima ililala chini. Nami nilicheka. Halafu mama yako akanipeleka kwa daktari mwingine, nikapimwa upya, nikaonekana sina sukari hata kidogo. Ilikuwa ni makosa ya maabara. Tukapika chai ya maziwa, tukatia sukari kama ya harusi, ikawa hadithi ya nyumba.

Hapo ndipo wewe unajua hadithi inaishia. Haikuishia hapo.

Siku ile ya kupimwa nilikaa kwenye foleni, na nyuma yangu alikuwa mzee mmoja wa Kinoo, fundi viatu, jina lake Kariuki. Mtu wa utani sana. Akaniambia anashona viatu karibu na stage ya matatu, akatazama kiatu changu akasema hiki kimepigwa gundi na adui yako. Tukaelewana mara moja. Zamu yangu ikafika. Msichana wa mapokezi, umri wako hivi, akachapa lebo yangu. Nikaiona karatasi ikitoka kwenye mashine, nayo ilikuwa imeshatumiwa, nusu yake imebanduliwa, kingo zimesimama. Akaibandua yangu, akaibandika kwenye kichupa, na glavu yake ilikuwa na spiriti ya kufutia mkono. Nikaona weusi umehamia kwenye glavu. Jina langu, Mwende. Lilikuwa kwenye kidole chake.

Nikamwambia. Usidhani sikumwambia. "Msichana, hiyo lebo inatoka. Haijashika moto. Sugua uone."

Hakuinua hata kichwa. "Inasomeka, mzee. Kaa pale utaitwa."

Nikaenda nikakaa. Kariuki naye akachapiwa yake, kutoka kwa karatasi ile ile, akaja akaketi kando yangu. Nikamweleza kosa lote, joto, setingi, karatasi iliyorudishwa, mpaka hatua ya mwisho. Akatikisa kichwa, akasema watoto wa siku hizi. Na mimi nikakunja mikono, nikaegemea ukuta, na nakuambia jinsi ilivyokuwa: nilifurahi. Nilikuwa nimechukia, na nilikuwa sahihi, na hivyo viwili vikikutana mwilini mwangu huwa najisikia kama nimeshiba. Nilikaa pale nimeshiba mpaka wakaniita kutolewa damu.

Nilipogundua kwamba majibu hayakuwa yangu, nilirudi kwenye ile maabara nikapiga kelele mpaka mkubwa wao akatoka. Kijana mmoja mwenye tai. Akanieleza, kwa upole, kwamba vichupa viwili majina yalifutika kwa spiriti, na watu wake wakayajaza upya kwa kalamu, kwa kukumbuka foleni.

"Kwa kukumbuka?" nikamuuliza.

"Ni makosa kidogo, mzee. Tunaomba radhi sana."

"Na yule mwingine? Yule aliyepewa majibu yangu?"

"Tutampigia simu."

Nikaenda nyumbani. Nilikuwa nimeshatukana vya kutosha, nilikuwa nimeombwa radhi na mtu mwenye tai, na nilikuwa na hamu ya chai. Nikakunywa chai. Nikazunguka Ngara nzima nikisimulia habari ya karela. Kariuki hakunijia akilini tena, na kama alinijia, nilijiambia wameshampigia.

Siku ile tulipokwenda pamoja Kinoo, wewe kupeleka vyeti vyako pale kliniki na baadaye tuone chumba, unakumbuka nilikuambia natengeneza kiatu mara moja nakuja. Sikuja. Ulikaa na mwenye nyumba mpaka akakuchoka, ukanipigia simu sikushika, na tulirudi Jamhuri hatuongei. Ulisema unajua nilikuwa nimeketi mahali nabishana siasa. Nilikuacha uamini hivyo.

Nilikuwa nimemwona Kariuki. Ameketi kwenye kibanda chake, soda wazi mbele yake, kiatu cha mtu mapajani. Akanitambua mara moja.

"Mzee wa lebo! Sukari yako iliendaje? Mimi walinipitisha bwana, niko safi kabisa. Hata nilijinunulia hii." Akainua soda.

Nikaona mguu wake wa kushoto. Alikuwa amevua kiatu, vidole vimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Na harufu, Mwende. Nilikuandikia juu kwamba kuna harufu moja ambayo sijaizoea. Hii sitaki hata kuieleza. Nilimuuliza mguu una nini.

"Msumari tu. Nilikanyaga wangu mwenyewe. Kidonda kinakataa kupona, sijui kwa nini."

"Hawakukupigia simu?"

"Nani?"

Nikamwambia pale pale, nimesimama. Nikamwambia yale majibu aliyopewa ni yangu, yake ni yale niliyopewa mimi, na kwamba yeye ndiye mwenye sukari. Akacheka. Nikarudia. Akaacha kucheka, akanitazama kama vile mimi ni tapeli anayetaka kumuuzia shamba la hewa.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Wewe si mtu wa lebo?"

"Ndiyo."

"Basi rudi kwa lebo zako."

Sikurudi. Nilimwambia kuna kliniki hapa hapa, tembea nami tu, ukipatikana mzima nitakuomba msamaha mbele ya stage nzima, uwaite watu wote. Akakataa. Nikasimama. Wateja wakaja wakaenda, mmoja akanipa kiatu akidhani mimi ni msaidizi. Simu yako ikalia mfukoni nikaiacha ilie. Mwishowe, nadhani kwa kunichoka tu, akafunga kibanda, akaniegemea begani tukaenda. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kile kimashine chake, akamtoboa kidole kingine. Halafu akatoka kwenda kumwita daktari bila kutuambia chochote, na Kariuki akaniuliza kwa sauti ndogo kama soda inaweza kupandisha hivyo kwa siku moja.

Walimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mguu uliokolewa. Vidole havikuokolewa.

Ndiyo, ni kliniki ile ile. Yako. Ulikuwa umeacha vyeti vyako pale mapokezi asubuhi ile ile.

Nimekwenda kumwona mara kadhaa tangu atoke. Mama yako hajui, anadhani nafuata mteja huko. Mara ya mwisho nilimpelekea ngozi ya kushonea, na alikuwa amerudi kazini, utani umerudi pia, akawa ananiambia sasa kiatu kimoja kitakuwa kinadumu zaidi ya kingine. Tukacheka. Halafu akavuta uzi, akasema bila hasira yoyote:

"Nilikusikia siku ile. Ulimwambia yule msichana jina linatoka. Halafu ukaja ukanieleza mimi sababu zote. Nilikuwa nataka kukuuliza. Kama ulikuwa unajua hivyo vyote, mbona ulikuja ukakaa?"

Nimekuwa nikichukia kazi mbovu tangu kabla hujazaliwa, mji mzima unajua Mutua anachukia kazi mbovu, na nilidhani kuchukia kwenyewe ni kazi. Ningegonga ile kaunta. Ningemnyang'anya kichupa. Ningesimamisha ile foleni mpaka waite askari. Mtu mmoja kuaibika kwa dakika chache, basi. Badala yake nilisema mara moja, nikajibiwa vibaya, nikaenda kukaa nikijisifu kwamba nimejibiwa vibaya na mjinga. Na yule msichana hakuwa mjinga, mwanangu. Alikuwa amechoka, foleni ilikuwa ndefu, mtu alikuwa amemwambia asipoteze karatasi, na mashine alipewa bila kufundishwa. Alikuwa wewe, kesho kutwa.

Kwa hiyo usiniambie printa ni printa. Ukifika, kabla hujawasha kompyuta, fungua ule mlango wa nyuma utazame roli. Uliza ni nani hupanga karatasi, na uzipange mwenyewe. Mzee yeyote msumbufu akikuambia lebo inatoka, hata kama ananuka tona na anaongea sana, inua kichwa umtazame. Na wewe mwenyewe ukiona, na mkubwa wako akuambie inasomeka, usikubaliane naye kwa sababu unataka amani. Wakikufukuza kwa sababu hiyo, chumba chako bado kiko hapa Jamhuri, na mimi nitakuja kuchukua hizo sufuria mwenyewe.

Kuna mtu atakuja kwako kila mwezi kupimwa sukari. Anatembea na fimbo, na kiatu chake cha kushoto amekishona upya mwenyewe, kifupi mbele, kazi safi sana. Atakutania kuhusu viatu vyako. Atakuambia anaitwa Kariuki. Chapa jina lake kwenye karatasi mpya. Ngoja lipoe. Vua glavu, lisugue kwa kidole gumba, kwa nguvu, kisha utazame kidole. Likiwa limetoka, chapa tena, na foleni ikupigie kelele mpaka ichoke.

Na usimwambie wewe ni mtoto wa nani mpaka umempa majibu yake mwenyewe.

Baba yako